Majirani wa Simba wa Gir



Katika vijiji vya wilaya ya Gir Somnath, jimbo la Gujarat, magharibi ya India, mkulima wa karanga amezoea kuamka usiku wa manane. Kwa miaka mingi umeme wa pampu za kumwagilia umekuwa ukigawiwa kwa zamu, na zamu ya mashamba mara nyingi imeangukia usiku. Basi saa 7 au saa 8 mtu anajitanda blanketi, anashika tochi na fimbo, anatoka kwenda kuwasha pampu na kuyaelekeza maji kwenye matuta. Usiku huohuo, katika mashamba hayohayo, simba naye yumo. Amefuata nguruwe pori kwenye miwa, au anapita tu kando ya mfereji. Tochi ikiyapata macho yake, mkulima husimama, akapaza sauti kidogo kumjulisha kwamba hapa pana mtu, kisha akangoja mnyama apite. Mwaka 2020 serikali ya Gujarat ilianzisha mpango wa kuwapa wakulima umeme wa mchana, na Gir Somnath ikawa miongoni mwa wilaya za mwanzo kuingizwa.

Nimeanza na mkulima huyu kwa makusudi. Leo nataka tuzungumze juu ya mapumziko ya kwenda kutazama wanyama katika Hifadhi ya Taifa ya Gir. Ukiyatazama matangazo ya mapumziko hayo utaona simba, gari la wazi aina ya jipu, na hoteli yenye bwawa la kuogelea. Mkulima hayumo. Nami nashikilia kwamba bila mkulima huyo, na bila mfugaji anayelala na nyati wake katikati ya msitu, leo kusingekuwa na simba wa porini hata mmoja katika bara zima la Asia.

Watu wetu wengi wanaijua India. Wanakwenda kutibiwa, wanasindikiza wagonjwa, wanasomesha watoto Ahmedabad, Pune, Bangalore. Baadhi ya waliokuwa majirani zetu Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar na Kampala asili yao ni vijiji na bandari za Gujarat hiihii: Porbandar, Jamnagar, Mandvi. Majahazi yamekwenda na kurudi kwa kaskazi na kusi kati ya pwani ile na hii yetu kwa karne nyingi. Lakini ni wachache mno wanaojua kwamba mwendo wa saa chache tu kwa gari kutoka Porbandar kuna msitu wenye simba, na kwamba mtu akiwa na siku tatu nne za nafasi anaweza kuuona.

Simba hao zamani walikuwa wameenea. Walikuwepo Uajemi na Iraki, na India ya kaskazini walifika mbali upande wa mashariki. Bunduki ziliwamaliza. Maofisa wa Kiingereza na wafalme wa Kihindi walishindana kuwaua kwa ajili ya sifa, na ilipofika mwisho wa karne ya 19 waliobaki walikuwa ndani ya Gir peke yake, katika himaya ndogo ya Junagadh. Mwaka 1900 Lord Curzon, mtawala mkuu wa Uingereza nchini India, alialikwa Junagadh kuwinda simba, akakataa kuwagusa alipoelezwa jinsi walivyobaki wachache. Manawabu, yaani watawala wa Junagadh, wakaubana uwindaji. Nawabu wa mwisho, Mahabat Khan wa Tatu, vitabu vya historia humkumbuka zaidi kwa kupenda mbwa na kwa kutaka himaya yake ijiunge na Pakistan mwaka 1947. Kwa upande wangu naona simba ndio angestahili kukumbukwa kwao kwanza.

India huru iliifanya Gir kuwa pori la akiba mwaka 1965, na kiini chake kikawa hifadhi ya taifa mwaka 1975. Eneo zima ni kama kilomita za mraba 1,412, na hifadhi yenyewe ya ndani ni kilomita za mraba 258 tu. Serengeti ina karibu kilomita za mraba 15,000. Weka Gir mara kumi ndani ya Serengeti, bado utabaki na nafasi. Sensa ya mwaka 1968 ilihesabu simba 177. Mwaka 2010 walikuwa 411, mwaka 2015 wakawa 523, mwaka 2020 wakafika 674, na sensa ya Mei 2025 imewapata 891. Zaidi ya nusu ya hao 891 wanaishi nje ya mipaka ya hifadhi: kwenye vilima, kwenye mabonde ya mito, kwenye mashamba, hata kwenye vichaka vya pwani karibu na bahari ya Arabu.

Nitarudi kwenye hesabu hiyo. Kwanza tumpeleke mgeni wetu msituni.

Makao ya safari ni mji mdogo wa Sasan. Ukitoka Ahmedabad ni safari ya gari ya karibu mchana kutwa, au unashuka kwa treni Junagadh kisha unamalizia kwa gari. Vibali hutolewa kwa mtandao, na ni vya idadi maalumu kwa kila zamu. Hapa mtu asifanye mchezo: wiki ya sikukuu ya Diwali na siku za mapumziko ya shule, vibali huisha mapema sana, na asiye navyo hupoteza nauli yake. Zamu ni tatu. Ya kwanza huanza alfajiri, saa 12 au saa 12 na nusu kufuatana na majira, ya pili hufuatia mpaka karibu na adhuhuri, na ya tatu huanza saa 9 alasiri mpaka jua linapozama. Kila jipu hubeba watalii sita, dereva, na mwongoza watalii aliyesajiliwa na idara ya misitu. Njia ya kupita huichagui wewe wala dereva wako: kila jipu hupangiwa njia yake, na hairuhusiwi kuiacha kwenda kulikosikika kwamba kuna simba.

Wako wanaolalamikia utaratibu huo. Mimi nausifu. Tumeona kwetu, katika mbuga zisizo na udhibiti wa namna hii, magari ishirini yakimzunguka duma mmoja mwenye watoto mpaka anashindwa kuwinda. Gir mtu anaweza kutoka zamu nzima bila kumwona simba, naam, lakini simba naye anaweza kumaliza asubuhi nzima bila kuona gari. Hiyo ni haki yake.

Na msitu wenyewe una mengi. Ni msitu mkavu wa misaji, ile miti ambayo sisi pia huiita mitiki, yenye majani mapana kama sinia. Kuanzia Februari majani hayo hukauka na kuanguka, msitu wote ukawa rangi ya udongo, na hapo ndipo mgeni anapoelewa kwa nini simba amepewa ngozi ya rangi ile: anaweza kuwa amelala hatua kumi kutoka barabarani na usimwone mpaka atikise sikio. Kuna paa wa madoadoa wanaoitwa chital, makundi kwa makundi, kuna sambar ambaye ni mkubwa na mzito, na nilgai, mnyama wa jamii ya ng'ombe na pofu, dume lake rangi ya kijivu cha buluu. Kuna swala mdogo mwenye pembe nne, kitu ambacho Afrika hatuna. Chui wapo wengi. Katika bwawa la Kamleshwar mamba hujilaza kingoni wakiota jua, na tausi wanakatiza njia kama kuku wa kijijini.

Simba mwenyewe ukimwona utajua kwamba ni ndugu na si yuleyule. Dume lina manyoya machache zaidi utosini, masikio yake yanaonekana wazi, na chini ya tumbo ngozi imeacha mkunjo mrefu unaoning'inia kutoka mbele hadi nyuma. Madume hayashindi pamoja na majike kama ilivyo Serengeti. Huishi wawili watatu mbali, wakakutana na majike wakati wa kupandana au penye mzoga mkubwa. Wataalamu wa uainishaji mwaka 2017 waliwaweka simba wa Gir kundi moja na simba wa Afrika ya magharibi na kati, huku simba wetu wa mashariki wakiwa kundi jingine pamoja na wa kusini. Kwa hiyo simba wa Gir ana udugu wa karibu zaidi na simba wa Kameruni kuliko na wa Ngorongoro.

Anayewapata simba hao kila siku ni mfuatiliaji wa nyayo. Huyu hutoka kabla ya jipu la kwanza, kwa miguu au kwa pikipiki, mkononi ana fimbo tu. Hainami ovyo ovyo. Anatembea kando ya njia ya vumbi, jua la asubuhi likiwa upande wa mbele yake, maana mwanga unaokuja kwa mshazari ndio unaoonyesha kingo za unyayo. Akiona alama anaangalia kama umande umeigusa, kama mdudu amekatiza juu yake, kama gari limepita kabla au baada. Kisha anasikiliza. Nyani wa kule, langur, akiwa juu ya mti hutoa mlio wa kukohoa anapomwona chui au simba, na chital naye hupiga yowe moja kali. Mfuatiliaji anazifuata sauti hizo mpaka anamkuta simba amelala, anasimama umbali ambao ungekutoa jasho wewe na mimi, anatoa taarifa kwa redio ya mkononi, na anabaki pale.

Gujarat ilianza mwaka 2007 kuajiri wanawake katika kazi za ulinzi wa msitu huo, na leo wapo wanaoongoza vikosi vya uokoaji. Kazi yao moja inahusu visima. Kuzunguka Gir kuna maelfu kwa maelfu ya visima vya wakulima, vipana, vilivyochimbwa wazi ardhini bila ukuta. Usiku simba anakimbiza nguruwe, mguu unakosa ardhi, anatumbukia. Kwa hiyo idara ya misitu pamoja na wafadhili wamekuwa wakijenga kuta za mawe na saruji kuzunguka midomo ya visima hivyo, kimoja kimoja, shamba kwa shamba, na maelfu vimekwisha kuzungushiwa. Mnyama akikutwa ndani bado hai, kikosi hushusha kamba na wavu. Akiwa chui, wakati mwingine hushushiwa kitanda cha kamba kilichofungwa pembe nne, naye huogelea, akakipanda, akavutwa juu akiwa amejikunyata, na akifika ukingoni hurukia gizani bila kumgusa mtu. Mara nyingi aliyepiga simu kuwaita waokoaji ni mwenye shamba.

Kwa nini apige simu? Kwa nini asimwache afe, mnyama aliyemla ndama wake mwezi uliopita?

Sehemu ya jibu ni faida. Adui mkubwa wa mkulima wa kule ni nilgai na nguruwe pori, wanaoweza kumaliza ekari ya karanga kwa usiku mmoja. Simba anapojificha kwenye shamba la mtu, wezi hao hukaa mbali. Huko Talala, kitovu cha kilimo cha maembe ya kesar, yale madogo yenye nyama ya rangi ya zafarani ambayo Wahindi huyapigania sokoni kila Mei, si ajabu simba kushinda mchana kutwa chini ya miembe. Wachuma maembe wanamjua, wanaanza upande wa pili wa shamba, wanamwachia kivuli chake. Sehemu nyingine ya jibu ni dini na malezi. Wengi wa watu wa kule ni Wahindu wasiokula nyama, na mungu wa kike Durga hupanda simba. Juu ya yote, chini ya mlima Girnar, karibu na Junagadh, kuna jabali lenye maandishi ya mfalme Ashoka, ya zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, ambamo mfalme anakataza kuchinja wanyama kwa kafara. Ni vigumu kupima kiasi gani cha uvumilivu wa leo kimetoka katika jabali lile, lakini mtu anayelima chini yake amekulia katika jamii ambayo wazo hilo halijawahi kuwa geni.

Hata hivyo uvumilivu una gharama, na gharama haigawanywi sawa. Tuwaangalie Wamaldhari.

Hawa ni wafugaji. Ndani ya Gir wanaishi katika maboma madogo yanayoitwa nes, nyumba chache za udongo zilizozungushiwa uzio wa miiba, na usiku mifugo yote hulala ndani. Wanafuga nyati wa kienyeji wa aina ya Jaffarabadi, wanyama wazito wenye pembe zinazoanguka pembeni mwa uso. Maziwa na samli ndiyo maisha yao. Asubuhi mchungaji huondoka na kundi lake, fimbo begani, akaingia msitu uleule ambamo mtalii haruhusiwi kushuka kwenye gari lake. Nyati wakimwona simba hujipanga bega kwa bega, vichwa chini, na mara nyingi simba huona heri aondoke. Akimpata aliyeachwa nyuma, anamla. Utafiti uliofanywa mwishoni mwa miaka ya 1960 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya chakula cha simba wa Gir ilikuwa mifugo. Maana yake ni kwamba katika miaka ile ambapo simba walikuwa wachache na wanyama wa porini wamepungua, waliowalisha ni Wamaldhari, kwa nyati na ng'ombe wao.

Shukrani waliyopewa ni kuhamishwa. Kuanzia mwaka 1972 mamia ya familia zilitolewa msituni zikapewa mashamba nje, ziwe za wakulima. Watu ambao hawakuwahi kushika jembe walipewa ardhi ambayo wengine waliikuta kavu, na wako walioipoteza kabisa. Ni kweli kwamba nyasi zilirudi, chital wakaongezeka, na simba wakapata chakula cha porini. Sikatai. Ila naona uchungu kwamba katika vitabu vya sifa za uhifadhi wa Gir, Mmaldhari huandikwa kama tatizo lililotatuliwa. Leo familia zilizobaki ndani zinaishi bila kujua kesho yao, huku gari la mtalii likipunguza mwendo mbele ya boma lao ili apige picha ya mwanamke aliyebeba mtungi.

Fidia ipo. Simba akiua nyati, mwenye nyati hutuma maombi, ofisa huja kukagua mzoga, na malipo hufuata. Wafugaji wanalalamika kwamba malipo hayafikii bei ya sokoni ya nyati mwenye maziwa, na hilo mfugaji yeyote wa kwetu aliyewahi kudai fidia ya tembo au fisi atalielewa bila kuelezwa.

Kuna majirani wengine wa simba ambao kwao nataka usikilize kwa makini zaidi, msikilizaji, kwa sababu asili yao ni upande wetu. Ni Wasidi. Katikati ya Gir, karibu na Sasan, kuna kijiji kinaitwa Sirwan, na mbele kidogo, upande wa Talala, kipo kingine kinaitwa Jambur. Ukifika Jambur utadhani umeshuka Kilwa au Bagamoyo: nywele, nyuso, watoto wanaocheza uchochoroni. Wakikufungulia mdomo wanazungumza Kigujarati. Mababu zao walivuka bahari kutoka Afrika kwa karne nyingi, wengine wakiwa watumwa, wengine askari, wengine mabaharia, wakawatumikia wafalme na manawabu. Wengi wao ni Waislamu, wanaziheshimu ziara za mawalii wao, na kwenye ziara hizo wanapiga ngoma na kucheza mchezo wanaouita goma. Wanao pia upinde wa muziki wenye kibuyu, malunga, wanaoupiga kwa kijiti. Serikali inawatambua kama moja ya makabila yanayostahili upendeleo maalumu, lakini umaskini haujawaachia.

Baadhi yao ni waongoza watalii na wafuatiliaji nyayo wa Gir. Mgeni kutoka Tanga au Lamu anaweza kabisa kupelekwa kumwona simba wa Asia na mtu ambaye babu wa babu yake alitoka pwani ya Tanga au Lamu. Mwaka 2023 mwanamke wa Jambur, Bibi Hirabai Lobi, alitunukiwa na taifa la India nishani ya Padma Shri kwa kazi ya miaka mingi ya kuwainua wanawake wenzake wa Kisidi kwa vikundi vya akiba, kilimo na mbolea ya asili. Watu wake huitwa kila mara kucheza mbele ya wageni hotelini. Kazi ya Bibi Hirabai inaonyesha kwamba wanajua jambo jingine la kufanya na ujirani wa simba zaidi ya kuvaa manyoya ya tausi na kuvunja nazi kwa kichwa.

Sasa turudi kwenye hesabu ile ya 891.

Mwezi Septemba 2018 simba walianza kufa mfululizo katika eneo la Dalkhania, mashariki ya Gir. Kwa muda wa majuma machache walikufa 23. Vipimo vilikuta, pamoja na mengine, kirusi cha distempa, ugonjwa wa mbwa. Sisi tunaujua ugonjwa huo. Mwaka 1994 uliingia Serengeti ukaua kama theluthi moja ya simba wote, karibu 1,000. Serengeti ilipona kwa sababu ni pana, imeungana na Maasai Mara na Ngorongoro, na simba walionusurika walizaana. Gir kulifanyika juhudi kubwa: simba waliobaki katika eneo lile walitengwa, na chanjo ziliagizwa haraka kutoka Marekani. Ugonjwa ukazuiwa. Lakini simba wa Gir wote wametokana na wachache walionusurika zamani, damu yao imekaribiana mno, na wote wako katika rasi moja. Ugonjwa mkali zaidi ukija, hakuna simba wengine wa porini wa aina hiyo popote duniani.

Wataalamu walilijua hili zamani. Mahali pa pili palichaguliwa: Kuno, jimbo jirani la Madhya Pradesh. Ili kupaandaa, kati ya mwaka 1998 na 2003 vijiji 24 vilihamishwa, familia zaidi ya 1,500, wengi wao wa kabila la Sahariya, watu maskini wa msituni. Wakahama. Simba hawakuja. Gujarat ilikataa kuwatoa, ikisema simba ni fahari yake na inaweza kuwalinda yenyewe. Mwezi Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya India iliamuru wapelekwe, ikatoa miezi sita. Mpaka leo hakuna simba aliyehamishiwa Kuno. Septemba 2022 waliletwa duma kutoka Namibia, na mwaka uliofuata wengine kutoka Afrika Kusini, ndio wanaozunguka katika mashamba ya zamani ya Wasahariya.

Nalisema hili bila kumung'unya: Gujarat imekosea. Imefanya kazi ambayo dunia nzima inapaswa kuiheshimu, na kwa fahari ya kazi hiyo imekataa kuikamilisha. Wameanza kuwapa simba makao mapya katika pori la Barda, karibu na Porbandar, ambako simba dume alijipeleka mwenyewe mwaka 2023, na sensa ya 2025 ikawakuta 17. Ni hatua. Lakini Barda iko ndani ya jimbo lilelile, kwenye upepo na mbwa walewale. Na wakati viongozi wanabishana, wanaobeba mzigo wa simba waliofurika ni walewale wenye mashamba na nyati, maana 507 wanaoishi nje ya hifadhi lazima wale, na nje hakuna chital wa kutosha. Reli ya kwenda bandari ya Pipavav inawagonga. Watu nao hushambuliwa, na kila baada ya muda mazishi hufanyika katika kijiji fulani cha Amreli au Bhavnagar. Hakuna anayejua uvumilivu huo utadumu vizazi vingapi, kijana akienda mjini Surat kuchonga almasi na kurudi bila ile subira ya baba yake.

Basi mgeni afanyeje?

Kwanza, aende. Mapato ya vibali na ajira za waongozaji ni sehemu ya sababu za kijiji kuendelea kuwa na subira. Gir hufungwa kuanzia tarehe 16 Juni hadi 15 Oktoba kwa ajili ya mvua. Desemba hadi Februari hali ya hewa ni ya baridi asubuhi, mtu abebe koti. Aprili na Mei ni joto kali, lakini simba hukaribia maji na huonekana kwa urahisi zaidi. Kama ana watoto au wazee wasioweza kupoteza zamu bila kuona kitu, ipo Devalia, eneo lililozungushiwa uzio ambamo simba huonekana karibu kila mara. Mimi ningewashauri wenye nguvu waende msitu wenyewe.

Pili, alale kwa wenyeji. Kuna familia zinazopangisha vyumba Sasan na vijiji vya jirani. Utapewa mkate wa uwele uliookwa juu ya chungu bapa cha udongo, mchuzi wa biringanya, kitunguu saumu kilichopondwa na pilipili nyekundu, na glasi ya maziwa ya mtindi yaliyopunguzwa kwa maji. Pombe Gujarat ni marufuku, hivyo asiitafute. Jioni mwenye nyumba akikueleza ni lini mara ya mwisho simba alipita nyuma ya zizi lake, utakuwa umepata kitu ambacho jipu haliwezi kukupa.

Tatu, na hili nalisisitiza, mtu akikufuata hotelini usiku akakwambia anaweza kukuonyesha simba akila, kwa bei ya siri, mkatalie, kisha umripoti. Maonyesho hayo yapo. Mwaka 2018 video ilisambaa ya mtu akimning'iniza kuku mbele ya simba jike, na wapo waliokamatwa na kufikishwa mahakamani kwa mambo ya namna hiyo. Simba aliyezoeshwa kulishwa huanza kumwona mtu kama mleta chakula, na mtu atakayekutana naye baadaye saa 8 usiku ni yule aliyekwenda kuwasha pampu. Namba za simu za idara ya misitu hupatikana katika ofisi ya Sinh Sadan, palepale Sasan ambapo vibali hukaguliwa, na taarifa kutoka kwa mgeni hupokewa.